Ute, Mifupa na Udongo wa Mbuga

Mtu aliyewahi kutengenezewa meno bandia anaukumbuka ule uji mzito wa baridi, mara nyingi wa rangi ya waridi, ambao daktari huukoroga kwa maji, huujaza kwenye kisahani chenye umbo la taya na kuubana kinywani kwa dakika mbili tatu. Ukitolewa umekwisha kuganda, na umebeba alama ya kila jino. Ndani yake mna alginati, yaani ute uliokamuliwa kwenye mwani wa kahawia. Mna jasi, ambayo hutoa kalisi ya kuufunga ute huo. Na zaidi ya nusu ya unga wake kwa kawaida ni daiatomiti, madini meupe mepesi yaliyotokana na magamba ya viumbe wadogo wa majini wa kale, ya aina ile inayochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya. Matabibu wa meno waliukumbatia uji huo miaka ya 1940, pale Vita Kuu ya Pili ilipokata agari iliyokuwa ikitoka Japani.

Hicho ndicho wataalamu wanachokiita haidrojeli ya polima asilia iliyoimarishwa kwa madini. Jina refu, viungo vya kawaida: minyororo mirefu ya kikemia iliyotoka kwenye mmea au mnyama, maji mengi, na unga wa madini wa kuvitia nguvu. Viungo vya namna hiyo vimejaa tele katika nyanda za kati za Tanzania, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Manyoni na Singida. Hata hivyo sehemu kubwa ya vifaa tiba vinavyotumika nchini huagizwa kutoka nje, bandeji za jeli zikiwamo. Anayetaka kulielewa pengo hilo asianzie kwenye uhaba wa malighafi, maana haupo. Aanzie kwenye kazi za katikati ambazo hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuzizindua: kusafisha, kupima, na kuhakikisha pipa la pili limefanana na la kwanza.

Haidrojeli ni wavu wa polima ulioshika maji. Maji yanaweza kuwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake, na bado haimwagiki. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walieleza katika jarida la Nature kwamba jeli za aina hiyo zinafaa kukaa mwilini bila kuudhi nyama, na wakati wa Krismasi ya 1961 Wichterle akatengeneza lenzi laini za macho nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunga kwa vipande vya mchezo wa watoto. Polima yao ilikuwa ya kiwandani. Mwaka uliofuata, 1962, mtafiti George Winter wa Uingereza alionyesha kwa vidonda vya nguruwe kwamba kidonda kinachobaki na unyevu huota ngozi mpya takriban mara mbili ya kasi ya kile kinachoachwa kikauke na kufanya kigaga.

Hoja ya Winter inaeleweka vizuri zaidi Dodoma kuliko London. Mji uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua ya mwaka kwa wastani haifiki milimita 600, na kwa miezi mingi ya kiangazi hakuna tone linaloanguka huku upepo ukivuma. Gozi kavu juu ya kidonda hukauka pamoja nacho, na siku ya kubadilisha hung'olewa na ngozi changa ikiwa imenata. Mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto analijua hilo kuliko profesa yeyote.

Jeli humwepusha na mateso hayo, kwa kuwa haigandi kwenye nyama na hupoza maumivu. Ila ina udhaifu wake. Jeli nyingi za asili huchanika kama hazikushikiliwa na kitambaa, na katika hewa kavu hupoteza maji hadi zikawa utando mgumu usio na faida. Hapo ndipo madini yanapoingia.

Mwili wenyewe ulikwisha kulitatua fumbo hilo. Mfupa ni nyuzi za kolajeni zilizojazwa fuwele ndogo za haidroksiapatiti, aina ya fosfeti ya kalisi, ambayo ni karibu theluthi mbili ya uzito wake. Kolajeni hufanya kazi ya nondo na fuwele hufanya kazi ya zege: moja huzuia kuvunjika, nyingine huzuia kupinda. Ndiyo maana watafiti wengi wa dunia wanaotaka kujaza tundu la mfupa huchanganya jelatini, ambayo ni kolajeni iliyochemshwa, na unga wa haidroksiapatiti. Wanajaribu kurudia kitu ambacho ng'ombe anakitengeneza kila siku bila cheti.

Udongo hufanya kazi kwa njia nyingine. Udongo wa jamii ya smektaiti, ambao bentoniti hutokana nao, umeundwa na vibamba vyenye unene wa nanomita moja tu. Nyuso za kila kibamba zina chaji hasi na kingo zake, katika hali fulani, zina chaji chanya, kwa hiyo minyororo ya polima hunata juu yake pande zote. Mwaka 2002 Kazutoshi Haraguchi na mwenzake walitangaza Japani jeli ambayo mafundo ya wavu wake hayakuwa ya kemikali ya kuunganishia, yalikuwa vibamba vya udongo. Ilivutika zaidi ya mara kumi ya urefu wake kabla ya kukatika, wakati jeli ya polima ileile iliyofungwa kwa kemikali ilivunjika mapema sana. Vibamba hivyo vina faida ya pili inayowahusu watu wa nchi kavu: vinarefusha njia ya maji yanayotaka kutoka, hivyo jeli hukauka polepole.

Sasa tuangalie ghala la nyanda za kati. Wagogo hukausha majani ya mlenda, huyatwanga na kuyaweka kwa ajili ya kiangazi. Ute wa majani hayo, yawe ya jamii ya ufuta pori au mengine, ni minyororo ya sukari inayovuta maji kwa nguvu, na kila mpishi wa Dodoma anajua kwamba magadi kidogo hubadilisha namna unavyovutika. Unga wa ubuyu una pektini nyingi, na pektini ikiandaliwa ipasavyo hufungwa na kalisi ikawa jeli. Mibuyu ya nyanda za kati haihitaji kumwagiliwa wala mbolea, na soko la ubuyu tayari lipo. Katika malighafi zote za mkoa, pektini ya ubuyu ndiyo inayostahili kutangulia: inalika, haina damu wala tishu ya mnyama, na kemia ya pektini ya machungwa na ya tofaa imekwisha kuandikwa kwa miongo mingi, kwa hiyo mtafiti haanzi gizani.

Gundi ya mgunga ni habari ngumu zaidi. Kikwata, mti ambao wanasayansi waliuita Acacia senegal, huota Singida, Dodoma na Tabora, na gundi yake ni ileile inayotiwa kwenye soda, peremende na dawa duniani kote. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha katika miaka ya 1990 mfululizo wa tafiti kuhusu gundi za migunga ya Tanzania, wakionyesha jinsi zinavyotofautiana kutoka spishi moja hadi nyingine. Tofauti hiyo ndiyo inayoiua biashara. Mkusanyaji anayechanganya gundi ya kikwata na ya mgunga mwingine katika gunia moja huwa ameuza kitu ambacho mnunuzi wa dawa hawezi kukitumia. Sudan, inayotawala soko hili, ilijenga jina lake kwa kuchambua na kupanga madaraja. Vita vilipozuka huko Aprili 2023 wanunuzi walihangaika kutafuta mahali pengine, na wauzaji waliokuwa na mzigo uliochambuliwa ndio waliokuwa na la kuwajibu. Zaidi ya hayo gundi hii peke yake haigandi, huyeyuka tu katika maji hata kwa kiasi kikubwa, hivyo ni lazima ipate mwenzi wa kuishika.

Kisha kuna ng'ombe. Machinjio ya Kizota, mjini Dodoma, hutoa nyama. Ngozi, kano na mifupa hufuata njia nyingine zenye thamani ndogo. Kutoka kwenye ngozi na mifupa hiyo hupatikana jelatini, na hapa kuna jambo ambalo wazalishaji wa Ulaya hulisahau: sehemu kubwa ya jelatini ya dunia hutokana na nguruwe, na mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuuliza kilichopakwa kwenye jeraha lake. Ng'ombe aliyechinjwa kwa utaratibu wa halali hujibu swali hilo kabla halijaulizwa. Jelatini huyeyuka kwenye joto la mwili, kwa hiyo lazima ifungwe. Njia ya mkato ni glutaraldehaidi, ambayo ni sumu kwa seli. Tanini ni njia ya pole zaidi. Inafunga kolajeni kama inavyofanya kwenye ngozi ya kiatu, na makapi ya mbegu za zabibu yanayobaki kwenye viwanda vya mvinyo vya Dodoma yana tanini ya kutosha kujaribia.

Upande wa madini ghala ni pana vilevile. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika, ukapasuka kiangazi na kuleta nyufa kwenye kuta za nyumba mpya, hufanya hivyo kwa sababu ya smektaiti. Mhandisi wa majengo anaulaani, na mtengeneza jeli angeulipia. Jasi inachimbwa Itigi na huishia kwenye saruji, ingawa historia yake ya hospitali ni ndefu: mbali na bandeji ngumu inayofunga mguu uliovunjika, daktari Mjerumani Dreesmann aliijaza ndani ya mashimo ya mifupa ya wagonjwa mwaka 1892. Maganda ya mayai ya kuku, na Singida inasifika kwa kuku wake, ni kalisi kabonati kwa zaidi ya asilimia 90, na hugeuzwa haidroksiapatiti kwa kuongezwa fosfeti na joto.

Mifupa yenyewe imekwisha kufanyiwa kazi nchini. Ngurdoto, mkoani Arusha, kituo cha utafiti kimechoma mifupa ya ng'ombe kwa miaka mingi ili mkaa wake uondoe floridi kwenye maji ya kunywa, tatizo linaloisumbua Singida pia. Mkaa huo una haidroksiapatiti kwa wingi. Teknolojia ya tanuri, ya kudhibiti joto na ya kusaga, haihitaji kununuliwa Ujerumani. Tofauti ni kwamba chujio la maji linavumilia mabaki ya kaboni, na mfupa wa mgonjwa hauvumilii: lazima joto lipandishwe hadi nyuzi 700 au zaidi, kila chembe ya mafuta na protini iungue, na unga uwe mweupe.

Hapa ndipo habari njema inapoanza kuwa nzito.

Udongo una kumbukumbu ya kila kitu kilichopita juu yake. Utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu udongo unaoliwa na wajawazito wa Geita, ule unaouzwa sokoni kwa jina la pemba, ulikuta ndani yake arseniki, kromiamu na nikeli. Wilaya ya Bahi, magharibi mwa Dodoma, ina miamba yenye urani. Haimaanishi kwamba udongo wa mbuga wa nyanda za kati una sumu. Inamaanisha kwamba hakuna anayeweza kusema hauna mpaka kila shimo lipimwe, na lipimwe tena mchimbaji anapohamia mita 200 mbele. Na kuna vijidudu vya pepopunda, ambavyo hujificha udongoni vikiwa na gamba lisilouawa na maji yanayochemka. Kizazi cha wauguzi wa Tanzania kilitumia maisha yake kuwasihi wazazi wasipake udongo wala kinyesi cha mnyama kwenye kitovu cha mtoto. Mtu anayekuja leo na bandeji yenye udongo ana deni la maelezo kwao.

Madini yaliyosafishwa nayo yamewahi kuleta balaa. Wakati wa vita vya Iraki na Afghanistan, jeshi la Marekani lilitafuta unga wa kuzuia damu na likachagua, pamoja na vingine, bidhaa iliyoitwa WoundStat, mchanganyiko wa smektaiti na polima. Ilizuia damu kwa ustadi. Kisha majaribio ya wanyama yakaonyesha kwamba chembe za udongo zilibaki ndani ya mishipa na kugandisha damu mahali pasipotakiwa, na ilipofika 2009 jeshi lilikuwa limeiacha. Kaolini, udongo wa jamii nyingine, ilifaulu ilipofungwa ndani ya gozi badala ya kumwagwa kama unga. Somo la kiufundi ni dogo na la muhimu: swali la kwanza si kama udongo unafaa, ni kama utabaki mahali ulipowekwa. Jeli yenye wavu imara ni mojawapo ya majibu.

Halafu kuna kuua vijidudu. Mashine ya mvuke ya hospitali hufanya kazi kwenye nyuzi 121, joto linaloikata minyororo ya pektini na kuigeuza jeli kuwa maji. Mionzi ya gama, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa kiwango cha kilogrei 25, hukata minyororo ileile kwa njia yake. Watengenezaji wakubwa hutafuta njia ya katikati: hutakasa kila kiungo peke yake na kuchanganya katika chumba safi, au huanza na minyororo mirefu kuliko inavyohitajika, wakijua baadhi itakatika. Njia zote mbili zinagharimu. Bei ya bandeji ya jeli haitokani na jeli, inatokana na mfuko, chumba na karatasi.

Zanzibar inaonyesha kinachotokea nchi inapobaki mwanzoni mwa mnyororo. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza kuuchunguza mwani wa pwani yetu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani. Aina ya mwani iitwayo spinosamu hutoa karajini (ute wa mwani mwekundu) laini inayovutika, na aina iitwayo kotoni hutoa iliyo ngumu na ya bei nzuri zaidi, ingawa haivumilii bahari inayozidi kupata joto. Wakulima, wengi wao wanawake, hukausha mwani na kuuza kwa kilo. Karajini yenyewe hukamuliwa ng'ambo, kisha hurudi ndani ya dawa ya meno. Zaidi ya miaka 30 imepita na sehemu kubwa ya thamani bado inaongezwa nje. Utafiti ulikuwepo, mazao yalikuwepo, na mikono ilikuwepo. Kiwanda cha kukamulia kwa kiwango cha dawa ndicho kilichokosekana. Ubuyu unaelekea njia hiyohiyo, kwa magunia, isipokuwa mtu aingilie kati.

Dodoma ina kitu ambacho Paje haikuwa nacho. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yenye mizizi inayorudi hadi 1925, ina makao yake na maabara zake mjini humo. Kupima metali kama risasi kwenye udongo ni kazi yake ya kila siku. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina wanakemia, wanajiolojia na madaktari chini ya paa moja la utawala. Jirani yake ni Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa 2015 na kupandikiza figo kwa mara ya kwanza 2018, kwa hiyo si mahali pageni kwa tiba ngumu. Na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, imehamishia makao makuu yake huko. Chombo hicho mwaka 2018, wakati huo kikiitwa TFDA, kilikuwa cha kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kwa kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika udhibiti wa dawa. Shimo la udongo, maabara, kitanda cha mgonjwa na meza ya mkaguzi, vyote ndani ya mji mmoja. Miji ya Afrika Mashariki yenye bahati hiyo ni michache, na bahati hiyo bado haijatumika inavyostahili.

Lakini meza ya mkaguzi ina utaratibu wake. TMDA hugawa vifaa tiba katika madaraja manne, A hadi D, kadiri hatari inavyopanda. Bandeji ya jeli kwa jeraha la juujuu iko chini, wakati kifaa chenye tishu ya mnyama, au kinachobaki ndani ya mfupa, hupandishwa juu kabisa pamoja na madai yake yote ya ushahidi. Watafiti vijana hupenda mfupa kwa sababu makala zake husomwa sana. Ni chaguo baya la kuanzia. Jelatini ya Kizota na haidroksiapatiti ya mifupa ina thamani, ila ingekula miaka kumi na mitaji ambayo hakuna benki ya Tanzania itakayoitoa kwa jeli. Pektini ya ubuyu, bentoniti iliyosafishwa na kalisi kidogo ya jasi, iliyowekwa kwenye jeraha la moto la juu au kwenye kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari, inaweza kufika mezani mapema zaidi, na majaribio yake ya kwanza ya usalama, yale ya sumu kwa seli, mwasho na mzio yaliyopangwa katika kiwango cha ISO 10993, yanajulikana mstari kwa mstari.

Kuna njia ya kando ambayo haizungumzwi sana, labda kwa sababu haina hadhi. Punda wanaovuta mikokoteni ya maji katika vijiji vya nyanda za kati hupata vidonda vya mabega na mgongo kutokana na kamba na matandiko mabovu, na ng'ombe wanaotembea mbali kutafuta malisho hawakosi majeraha. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina madaktari wa mifugo wenye uzoefu wa kupima tiba shambani. Jeli inayobaki juu ya bega la punda kwenye vumbi na jua la Septemba, bila kukauka wala kuchanika, imepita mtihani ambao hakuna chumba cha maabara kinachoweza kuutunga. Mifugo ingelipa gharama za kujifunza: mapipa kumi ya kwanza yenye namba zake, kila moja likiwa limepimwa mnato, nguvu ya kuvutika, risasi na vijidudu, na matokeo yakiandikwa hata pale yanapoaibisha. Wakati wa kuomba kibali cha bandeji ya binadamu, mkaguzi wa Dodoma angekuwa na rekodi ya kusoma kabla ya kuanza kuuliza maswali yake.